Gitaa la Kwanza: Lipime Kabla ya Kulipa

Watu wazima wengi hununua gitaa, kisha huliacha wakidhani vidole vyao vimezeeka. Mara nyingi kosa si la vidole, ni la gitaa.

Kwa anayeanza, gitaa kavu, lisilotumia umeme, latosha. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alirekodi "Masanga" mwaka 1952 kwa gitaa la namna hiyo.

Dukani, kwanza tazama shingo kama seremala apimavyo ubao. Ikiwa imepinda sana au imejisokota, liache. Pili, tazama nyuzi. Zikiwa juu mno ya shingo, zitakuumiza vidole. Tatu, piga uzi bila kuubonyeza, kisha ubonyeze kwenye kijiti cha chuma cha 12. Sauti iwe ile ile, ila nyembamba zaidi. Zikipishana, huenda lisipatane vizuri.

Nyuzi za nailoni ni laini kwa mwanafunzi. Lakini usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Mvutano wake waweza kuling'oa daraja.

Gitaa lililokwisha kutumika, likifaulu vipimo hivi, ni bora kuliko jipya linalong'ara tu. Fedha ya nyumba haichezewi. Bali ikitumika kwa busara, jioni zenu zitakuwa na muziki.