Krismasi ya Majirani Waliotoka Pande Nyingi



Desemba ikikaribia, ugomvi ule ule hurudi vikundini. Wengine wanataka ng'ombe achinjwe, wengine wanasema pesa zingoje karo ya Januari. Na katika sehemu za makazi kama Trans Nzoia, ambako majirani walitoka pande nyingi, kila mtu huona Krismasi ya kwao ndiyo ya kweli. Tena yuko mwanachama ambaye kanisa lake haliiadhimishi kabisa. Je, tufanyeje?

Hebu tuangalie Pennsylvania, huko Marekani. Mwaka 1681 William Penn alipewa nchi hiyo na mfalme wa Uingereza. Yeye aliahidi uhuru wa dini, basi wahamiaji wakamiminika. Waquaker, watu wa dhehebu lake, hawakufanya Krismasi, maana waliamini siku zote ni za Mungu sawasawa. Wapresbiteri wengi pia waliikataa. Lakini Walutheri na Wamoravian kutoka Ujerumani waliipenda sana.

Mkesha wa Krismasi mwaka 1741, Wamoravian waliohamia kando ya mto Lehigh walikuwa na nyumba moja tu ya magogo, watu na mifugo chini ya paa moja. Waliimba pamoja, wakakumbuka lile zizi, wakauita mji wao Bethlehem. Sherehe yao si ya gharama: wote huketi pamoja kula mkate mdogo na kunywa kahawa, na watoto hupewa mishumaa ya nta ya nyuki. Wanaiita karamu ya upendo. Kanisa hilo hilo lilifika Rungwe, Tanzania, mwaka 1891.

Na mti wa Krismasi je? Huo nao ulikuja na Wajerumani. Mwaka 1821 mtu mmoja wa mji wa Lancaster aliandika katika daftari lake kwamba jamaa zake wamekwenda kutafuta miti ya Krismasi. Desturi ikaenea, na leo sisi tunakata tawi la saipresi bila kujua lilikotoka.

Sasa tazama jimbo la Massachusetts. Huko mwaka 1659 ilitungwa sheria: anayefanya Krismasi atatozwa shilingi tano. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681. Faini haikuiua Krismasi. Mwaka 1870 ikawa sikukuu ya serikali ya Marekani.

Funzo ni hili: asilazimishwe mtu, wala asizuiliwe. Wanaotaka ng'ombe waanze mchango wao tangu Januari, kidogo kidogo, katika daftari lake peke yake. Mfuko wa kikundi usiguswe. Asiyechanga asitozwe faini, na asisemwe. Lakini chai na mkate vinaweza kuwa vya wote, hata wa dhehebu lingine.

Jadilianeni kikundini:
1. Mwaka jana Krismasi ilitugharimu nini, na Januari tulikopa kwa nani?
2. Ni mwanachama yupi alibaki nje ya sherehe yetu, na kwa nini?
3. Tutakubaliana nini sasa, kabla ya Desemba?