Tume ya Makweta na ulimi wa mwanachuo (3)

Mwanzoni mwa 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo. Kiingereza kimebaki lugha ya kufundishia tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu. Ndiyo sababu leo hatuna budi kurudi 1982.

Mwaka huo Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilikabidhi ripoti yake. Ilishauri Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, na chuo kikuu kifuate 1992. Tazama busara ya mpango huo! Vijana wa kidato cha kwanza wangepanda nao mwaka hadi mwaka, wahadhiri wakipata muda wa kuandika vitabu na kuzoea istilahi. Mwaka 1983 serikali ikaukataa.

Mwaka uliofuata wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia shule ya msingi. Kati ya wanachuo waliopimwa, kama mmoja tu kwa kila watano ndiye angesoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yake. Pamoja na hayo, wakashauri Kiingereza kiendelee. Ukaja mradi wa kukiimarisha, kwa fedha za Waingereza, na vitabu vya hadithi vikapelekwa sekondari. Vilisaidia kusoma. Kusema ni kazi nyingine, na wakati huohuo mwanafunzi alitakiwa aelewe baiolojia kwa lugha ileile asiyoijua.

Sasa mfikirie kijana wa Nainokanoka, kule juu karibu na Olmoti. Nyumbani ni Kimaasai, shule ya msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza. Magari ya watalii waendao Empakaai yanampita barabarani, lakini maongezi huishia kwenye salamu na bei ya shanga. Akifika chuo, kwenye semina, jibu analo. Analipanga kwa Kiswahili, analitafsiri, anahofia kitenzi. Akija kuinua mkono, mada imeshahama. Akithubutu akakosea, wenzake wanacheka, na wengine wao wamepita shule za kulipia walikozungumza Kiingereza tangu chekechea. Basi ananyamaza, anakariri ili asidisko, yaani asiondolewe chuo kwa kufeli, na bwenini Kiingereza hakisikiki.

Kicheko hicho ni utovu wa adabu, na mhadhiri anayekiachia anashiriki. Hapana elimu katika kumtisha mtu asiseme. Mwanafunzi na aruhusiwe kueleza hoja kwanza kwa Kiswahili, kisha aijaribu kwa Kiingereza, asahihishwe akishamaliza. Masomo yafundishwe kwa Kiswahili kama Makweta alivyotaka, na Kiingereza kipewe kipindi chake kila siku na mwalimu aliyefunzwa kukifundisha.

Wiki ijayo: kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990, na istilahi zilizokuwa tayari kutumika darasani.