Tangazo Lako la Google Linakula Pesa Bila Kuleta Wateja? Angalia Alama ya Ubora

Umeweka shilingi 500 za tangazo la Google leo asubuhi. Kufikia saa sita mchana pesa zimeisha, na simu ya duka haijalia hata mara moja. Hapo wengi hukimbilia kuongeza bajeti. Kabla hujaongeza hata shilingi, hebu tuangalie kitu ambacho wafanyabiashara wengi hawakijui: Alama ya Ubora.

Mnada usioangalia bei peke yake

Kila mtu anapotafuta kitu kwenye Google, matangazo yanayohusiana na alichoandika huingia kwenye mnada wa haraka sana. Hulipi tangazo likionekana tu; unalipa mtu akilibonyeza. Lakini mnada huu si kama wa ng'ombe sokoni, ambapo mwenye bei ya juu ndiye anayeondoka na ng'ombe. Google huangalia kiasi ulicho tayari kulipa, na pia huangalia ubora wa tangazo na wa ukurasa unaompeleka mteja. Ndiyo maana mshindani wako mwenye bajeti ndogo anaweza kukaa juu yako na bado alipe kidogo kuliko wewe.

Ukiingia kwenye akaunti yako ya Google Ads, sehemu ya maneno ya kutafuta, unaweza kuongeza safu iliyoandikwa "Quality Score". Hiyo ndiyo Alama ya Ubora: namba kutoka 1 hadi 10 kwa kila neno. Inatokana na mambo matatu: uwezekano wa watu kubonyeza tangazo lako, jinsi tangazo linavyojibu alichotafuta mtu, na jinsi ukurasa wako unavyomfaa akishafika. Kila moja hupimwa dhidi ya watangazaji wengine wa neno hilohilo katika siku 90 zilizopita, kisha unaambiwa uko juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Ukiona kistari badala ya namba, maana yake data bado haijatosha. Subiri kidogo.

Tuchukue mfano wa fundi wa friji

Tuseme wewe ni fundi wa friji Nakuru. Unatengeneza pia mashine za kufua nguo na kuuza spea. Umeweka maneno yote kwenye kundi moja, na tangazo moja linasema: "Huduma Bora kwa Bei Nafuu." Sasa kuna mama ambaye friji yake imezima usiku na nyama iko ndani. Anaandika "fundi wa friji Nakuru". Tangazo lako halitaji friji wala Nakuru. Ataruka, abonyeze la chini yake. Utafanya nini?

1. Tenganisha makundi. Friji kundi lake, mashine za kufua lake, spea lake. Kila kundi liwe na tangazo lake.

2. Andika kwa maneno ya mteja. Tangazo moja la utafutaji hukubali hadi vichwa 15, kila kimoja kisizidi herufi 30, nafasi zikihesabiwa. "Fundi wa Friji Nakuru" ni herufi 21 tu, na inamjibu yule mama papo hapo. Kumbuka pia watu hutafuta kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa kuchanganya, kwa hivyo weka maneno ya aina zote. Ila usiahidi "Tunafika Leo" kama hutafika. Atabonyeza, utalipa, na hatanunua.

3. Mpeleke mahali sahihi. Aliyebonyeza tangazo la friji afike kwenye ukurasa wa friji, si ukurasa wa mbele wenye kila kitu. Aone haraka maeneo unayofika, bei ya kuanzia, namba ya simu ya kubonyeza apige, na njia ya kulipa. Ukiweka namba ya till, weka pamoja na jina la biashara litakalotokea kwenye simu yake, asije akaogopa katikati ya malipo. Punguza pia picha nzito. Mteja wako yuko kwenye simu, anatumia bando, na ukurasa ukichelewa atarudi nyuma.

4. Zuia maneno yasiyo yako. Angalia ripoti ya maneno ambayo watu waliandika hasa. Ukikuta "kozi ya ufundi wa friji" au "friji mpya bei", yaweke kwenye orodha ya maneno ya kuzuia. Hao hawatafuti fundi, lakini kila wakibonyeza unalipa wewe.

Faida iko wapi?

Tuchukulie kila mbonyezo unakugharimu shilingi 50. Kwa shilingi 500 unapata watu 10. Ubora ukipanda na gharama ishuke hadi shilingi 25, pesa ileile inakuletea watu 20. Hizi ni hesabu za mfano tu. Bei halisi hutegemea neno na ushindani.

Hata hivyo, usiifukuzie 10 kama mtihani. Alama ya Ubora ni kama kipimajoto: inakuonyesha homa iko wapi, lakini yenyewe haiingizwi kwenye mnada. Kipimo cha mwisho ni pesa zilizoingia. Kila wiki, chukua taarifa ya till yako, ilinganishe na ulichotumia kwenye matangazo, na umuulize kila mteja mpya alikupata wapi. Neno lenye alama 9 lisiloleta mteja halina maana kwako. Lenye 6 linalolipa kodi ya duka, lilinde.

Jambo la mwisho: alama hii hainunuliwi. Mtu akikupigia simu akidai ataipandisha leo hii ukimtumia pesa kidogo, kata simu. Usimpe PIN yako wala nywila ya akaunti.

Leo jioni ukifunga duka, chagua neno moja tu, lile linalokula pesa nyingi zaidi. Angalia ni lipi kati ya yale mambo matatu liko chini ya wastani, na uanze kurekebisha hapo.