Tezi dume: wanaume tusione aibu

Katika vikao vyetu vigangoni, wazee husema kuamka usiku mara nne kwenda haja ndogo ni uzee tu. Huenda sivyo. Tezi dume iko chini ya kibofu, imezunguka mrija wa mkojo. Ikikua, mkojo hukatikatika, hata kuziba. Ukiziba, ni hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingi si saratani, lakini saratani changa haiumi, hivyo bila vipimo hatujui. Damu kwenye mkojo isisubiri. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligundulika na saratani hii mwaka 1997, akatibiwa, akaishi hadi 2021. Wanaoogopa kidole cha daktari waanze na kipimo cha damu. Kamati za parokia, alikeni muuguzi. Wenye miaka 50 na zaidi wasikose.