Nyenzo za Kujimudu (4): Kiti Hupimwa kwa Mwenye Kukikalia

Picha zile zile zimerudi magazetini. Mheshimiwa anakabidhi viti mwendo, vimepangwa safu, vyote vya saizi moja, na nailoni za kiwandani bado hazijabanduliwa. Mbele ya viti hivyo ameketishwa mtoto kwenye kiti ambacho kingemtosha babu yake. Miguu inaning'inia, haifiki kwenye vikanyagio. Sina ugomvi na mtoaji. Nauliza tu: nani alimpima mtoto huyu?

Aina za nyenzo na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 tulizimaliza katika makala zilizotangulia, kwa hiyo sitazirudia. Leo ni zamu ya familia: namna ya kupanga habari ya kiti na ya msaada wa nyumbani. Nitafika huko. Kwanza mniruhusu nimtaje mtu ambaye sichoki kumsimulia.

Stephan Farffler alikuwa fundi saa wa mji wa Altdorf, karibu na Nürnberg, Ujerumani, na hakuweza kutembea. Mwaka 1655, akiwa kijana wa miaka 22, alijiundia kigari cha magurudumu matatu. Alikifunga mpini wa kuzungusha kwa mikono na magurudumu ya meno, maarifa yale yale ya ndani ya saa, akawa anakwenda atakako bila kusukumwa na mtu. Kabla yake, Mfalme Philip wa Pili wa Hispania alikuwa na kiti cha magurudumu cha kifahari, chenye egemeo la kulaza na pa kunyooshea miguu. Lakini mfalme yule, pamoja na utajiri wake wote, hakusogea hata hatua moja pasipo mtumishi.

Baiskeli za kuendeshwa kwa mikono tunazozijua mijini kwetu zinatokana na wazo lile lile la Farffler. Kule Kinshasa wenye ulemavu wamezifanya kuwa vyombo vya biashara kabisa: kwa miaka mingi walipata nafuu ya nauli kwenye pantoni ya kwenda Brazzaville, wakapakia baiskeli zao mizigo mpaka pomoni na kulisha familia zao kwa kuvuka Mto Kongo.

Kiti cha chuma cha kukunjwa, kile kinachojaa kwenye picha za magazetini, nacho kina asili ya namna hiyo. Mhandisi wa migodi wa Marekani, Herbert Everest, alivunjika mgongo kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 yeye na rafiki yake Harry Jennings walitengeneza kiti chepesi cha mabomba ya chuma ambacho kingeweza kukunjwa na kuingia kwenye gari. Kilikuwa jibu zuri kwa mtu mwenye gari na barabara ya lami. Tatizo ni kwamba dunia nzima ikapewa jibu hilo hilo, hata yule ambaye njia yake ni mchanga na makorongo.

Aliyelishika tatizo hilo ni Mmarekani mwingine, Ralf Hotchkiss, aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966. Mwaka 1980 alikwenda Nikaragua, akawakuta vijana wenye ulemavu wakitumia kiti kimoja kwa zamu na kukirekebisha wenyewe. Akajifunza kwao. Tangu hapo akazunguka nchi nyingi akiunda viti pamoja na mafundi wenyeji, vyenye msingi mrefu visivyopinduka ovyo kwenye mashimo. Kimojawapo cha vipuri vilivyopata sifa ni gurudumu la mbele la mpira mpana, lisilozama mchangani, linalojulikana kama gurudumu la Zimbabwe kwa sababu lilibuniwa katika karakana za huko. Naam, Afrika imeshawahi kuwafundisha wengine.

Kwetu pia elimu ipo. Moshi, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na nyenzo tangu mwaka 1981, na ufundi wa viti mwendo umo katika mafunzo yake. Kenya ina karakana za APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanzishwa mwaka 1958. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Farffler, Everest na Hotchkiss waliwajua kunguni hao mmoja mmoja. Kamati zetu za manunuzi hazijawahi kulala hapo.

Sasa nafasi imebaki finyu, niseme ya msingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008, lilitaja hatua nane za kumpatia mtu kiti: rufaa, tathmini, kuchagua kiti, fedha na kuagiza, kukiandaa, kumkalisha mtu na kukirekebisha, kumfundisha, kisha matengenezo na ufuatiliaji. Hafla ya kukabidhi viti ni sehemu ya hatua ya nne tu. Anzeni hospitali ya mkoa au ya rufaa, kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Apimwe upana wa nyonga, urefu wa paja na wa mguu toka goti hadi kisigino. Msikubali kiti bila mto wake maalumu, hasa kwa asiye na hisia kiunoni: kidonda cha mgandamizo huanza kama wekundu au weusi kidogo wa ngozi, na huweza kumuua mtu. Ajiinue au aegemee pembeni kila baada ya dakika chache. Akilala, ageuzwe kila saa mbili au kama alivyoelekezwa.

Nyumbani, pimeni mlango kabla ya kiti kuletwa. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Mfupi zaidi ya huo unaweza kumpindua. Na msaidizi, jamani, asiwe yule binti aliyeachishwa shule kimyakimya kwa sababu "yupo yupo". Kaeni kikao, mgawane zamu, na baba naye apewe ya kwake. Kenya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni kidogo, lakini jiandikisheni. Mwenyewe aulizwe kwanza anataka kuoshwa na nani, saa ngapi, na lipi anaweza kulifanya bila mkono wa mtu. Kumfanyia mtu kila kitu si huruma, ni kumfunga kamba.

Kwa Tanzania, asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Vikundi viombe fedha hizo kwa ajili ya karakana za viti: mashine ya kuchomelea, mabomba, mipira na fundi aliyesoma Moshi, awe mwenye ulemavu ikiwezekana. Kiti kilichovunjika ekseli kitengenezwe wilayani siku ile ile, badala ya kugeuzwa banda la kuku huku mwenyewe akisubiri mheshimiwa mwingine. Na mheshimiwa huyo akija, mwambieni aje na futi kamba.

Makala ijayo: fimbo nyeupe.