Chini ya Kapo Panafaa Buji Moja Tu



Hapa Idjwi jua linashuka karibu saa kumi na mbili, mwezi wa kwanza sawa na mwezi wa saba. Kamioneti ikizimika saa mbili ya usiku katikati ya njia ya Bugarula na Monvu, shofere anafungua kapo na kutafuta mwanga wowote. Torshi imebaki nyumbani. Simu imekwisha moto. Ndipo mkono unaenda kwenye kiberiti.

Nilimtunza shofere mmoja aliyefanya hivyo. Jina lake halina kazi hapa. Alitaka kuona kama batri ingali na maji, akawasha kiberiti juu yake. Batri iliyotoka kuchajiwa na motere hutoa gesi ya haidrojeni; ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Batri ilipasuka, asidi ikamwingia jicho la kushoto. Konvoyeri wake alimpangusa kwa kitambaa cha garaji, kisha wakashika njia kwa miguu. Walifika kwangu saa nzima imepita. Nyuma ya kiti chao kulikuwa bido la lita 10 la maji safi ya radiatere, halikuguswa. Asubuhi tulimpandisha boti kwenda Bukavu. Leo jicho lile linajua mchana na usiku, basi.

Maji yale yangalimwagwa palepale, kwa dakika 30, mtu akishika kope zake wazi, pengine leo ningeandika habari nyingine. Si maziwa, si kusugua, si kungoja dispanseri. Maji kwanza, safari baadaye. Na kwa ngozi iliyoungua vilevile: maji baridi dakika 20, bila dawa ya meno, bila mawese, bila unga.

Katika kazi yetu neno buji lina watoto wawili: ule mshumaa wa nyumbani na ile buji ya motere. Chini ya kapo panafaa ya pili tu. Mshumaa, kandili, kibiriti cha gesi na taa ya karabidi ambayo wazee wa chimbo wanaijua, vyote ni moto uchi. Mvuke wa esansi nao ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini ya motere na kungoja moto huo.

Dawa yake ni taa ndogo ya umeme iliyofungwa chini ya kapo. Si anasa. Taa ya zamani ya plake ya namba, yenye ampule ya wati 5, inatosha kuonyesha mkanda, mipira ya maji na kijiti cha mafuta. Wengine wanapenda kufunga ampule ya fari, wati 55. Hesabu yao ni mbaya. Kwenye gari la volti 12, wati 5 hula chini ya nusu ya ampea. Ukiisahau usiku kucha, masaa 12, imechukua ampea-saa 5 tu katika batri ya 60, na asubuhi motere inaweza kuwaka. Ampule ya wati 55 itakuwa imemaliza karibu batri yote, tena ina joto la kuunguza mkono. Siku hizi ziko taa za LED zinazokula kidogo zaidi. Kamio kubwa zenye volti 24 zinataka ampule ya volti 24. Ile ya 12 itakatika mara moja.

Kazi yenyewe mwachieni mekanisiani, lakini mkague alivyofanya. Kwanza avue pete na saa ya mkono. Afungue waya wa minasi wa batri kabla ya mwingine, na kuurudisha wa mwisho. Kisha, na hapa ndipo wengi wanakosea, kuna fizibule. Lazima iwe karibu kabisa na batri, upande wa plasi, ya ampea 3. Ikiwekwa mbali, waya ulio kati ya batri na fizibule hauna mlinzi: ukikwaruzwa na chuma cha gari, umeme wote wa batri unapita hapo, waya unakuwa mwekundu kama kaa, na mpira wa esansi uko karibu. Waya upite mbali na bomba la moshi, mkanda na feni. Penye bawaba za kapo uachiwe urefu kidogo, maana kila kufungua kapo kunauvuta. Swichi isikae karibu na batri, kwa kuwa nayo hutoa cheche.

Gari fulani za zamani kutoka Marekani zilikuja na taa ya chini ya kapo inayowaka yenyewe kapo likiinuliwa. Ndani ya swichi yake mna tone la zebaki, ile wachimbaji wa dhahabu wanaita merkire. Mkiikuta, msiivunje, msiichome, na watoto wasipewe kuchezea.

Nanyi mama, kama nyumbani mna batri ya kuchajisha simu na kuwasha taa, ni batri ileile na gesi ileile. Isichajiwe chumba cha kulala, na mshumaa usiwekwe juu yake hata kwa dakika moja.

Mekanisiani wetu wa garaji amekubali kufunga taa hizo Jumamosi asubuhi, gari tatu kwa siku. Leteni taa ya plake ya zamani mkiwa nayo, na mita 2 za waya. Fizibule ziko kwake. Kabla ya kuondoka atawauliza bido la maji liko wapi.