Mombasa ya Wakazi wa Eastlands

Kisiwa cha Mombasa kina kilomita za mraba zipatazo 14 tu, na hakina ufuo wa maana wa kuogelea. Jambo hilo huwashangaza wageni wengi wanaotoka mitaa ya mashariki mwa Nairobi, iitwayo Eastlands, kuanzia Jericho na Buruburu hadi Umoja, Kayole na Dandora, ambao kila Desemba hufunga safari wakitarajia kuukanyaga mchanga mweupe mara tu wanaposhuka. Mchanga huo uko bara: Nyali, Bamburi na Shanzu kwa upande wa kaskazini, Tiwi na Diani kwa upande wa kusini, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Kisiwa chenyewe kinaikabili bahari kuu kwa majabali ya matumbawe. Hivyo likizo inayoitwa ya Mombasa hufanyika pembezoni mwa kisiwa, na wako wanaorudi Nairobi wakiwa wamekiona kupitia dirisha la matatu tu.

Likizo ya pwani si desturi kongwe Eastlands. Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni ni mitaa iliyojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya vibarua na wafanyakazi Waafrika, wakiwemo wa reli na wa baraza la mji. Serikali ilimhesabu mfanyakazi huyo kuwa mpita njia mjini, na likizo yake ilikuwa ya kwenda kwao kulima, kuona wazazi na kumaliza mambo ya ukoo. Mpaka leo, wiki ya Krismasi, kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi hujaa watu wanaoelekea Magharibi, Nyanza na Ukambani. Mtaa kama Buruburu, ulioanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulileta familia zenye mishahara ya mwezi na watoto waliozaliwa mjini. Wengi wa watoto hao waliiona bahari kwa mara ya kwanza katika ziara za shule, wakilala kwenye mabweni ya shule za pwani na kupanga foleni mlangoni mwa Fort Jesus. Walipokuwa watu wazima walitaka kurudi bila mwalimu.

Siku hizi wanaosafiri hivi ni kundi, mara chache mtu mmoja au mume na mke. Huwa ni marafiki wa ploti moja, kwaya, timu ya mpira au chama cha akina mama. Fedha huchangwa kwa miezi kadhaa, kila mtu akimtumia mweka hazina kiasi chake kwa M-Pesa, na orodha ya waliolipa na wasiolipa ikibandikwa kwenye kikundi cha WhatsApp ili aibu ifanye kazi yake. Kampuni ndogo za utalii nazo huuza safari kwa mtindo wa lipa mdogo mdogo. Nyumba ya kukodi Nyali, Bamburi au Mtwapa huwa nafuu kuliko hoteli kundi linapogawana gharama, kwa kuwa lina jiko lake na linaweza kununua samaki, nazi na mboga katika soko la Kongowea. Hatari kubwa ya mpango huu haitoki baharini. Nyumba hukodiwa kwa hesabu ya watu kumi, kisha watatu wanajitoa siku mbili kabla ya safari, na saba waliobaki wanalazimika kuziba pengo.

Usafiri ulibadilika mwaka 2017, treni ya Madaraka Express ilipozinduliwa tarehe 31 Mei. Kabla ya hapo kulikuwa na basi la usiku, au treni ya reli ya zamani iliyokesha njiani na ambayo haikuwa na sifa ya kufika kwa wakati. Reli mpya ina urefu wa kilomita 472 na safari huchukua saa tano hadi sita. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa miaka kadhaa, ikapandishwa hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024. Watu wa Eastlands huizungumzia safari yenyewe karibu kama wanavyoizungumzia bahari: mizigo iliyopangwa chini ikinuswa na mbwa wa polisi pale Syokimau, vitambulisho vinavyokaguliwa, na ndovu wekundu kwa vumbi la Tsavo wanaowafanya abiria wote wahamie upande mmoja wa behewa. Basi halijafa. Humpakia abiria katikati ya Nairobi na kumshusha katikati ya Mombasa, ilhali treni humwacha Miritini, upande wa bara, ambako bado atatafuta matatu au tuktuk. Asiyeijumlisha nauli ya kipande hicho cha mwisho huona bajeti yake ikichanika siku ya kwanza.

Kinachofuata ni joto. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mombasa, kati ya Desemba na Machi, hupita nyuzi 30 mchana, na unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, kwa hiyo mwili haupoi hata kivulini. Wenyeji hupanga siku yao kulingana na hali hiyo: kazi asubuhi, mapumziko baada ya adhuhuri, matembezi jioni. Mgeni wa siku nne haoni sababu ya kulala mchana, hivyo hutembea saa saba juani na kulalamika usiku kwamba feni haitoshi. Maji ya bomba ni jambo jingine. Nyumba nyingi hutegemea visima vyenye maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, na maji ya kunywa hununuliwa. Hapa mkazi wa Kayole au Dandora humzidi maarifa mtalii wa ng'ambo, maana mtungi, mgao na foleni ya maji ni mambo anayoyajua kutoka nyumbani.

Ufuo wenyewe una sheria ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna hoteli inayomiliki mchanga ule unaolowa. Tatizo ni kuufikia: ukuta wa hoteli moja huanzia ulipoishia wa jirani yake, na vichochoro vya kupita ni vichache. Ndiyo maana umati wa likizo huishia Jomo Kenyatta Public Beach kule Bamburi, ambako wengi hukuita Pirates. Siku ya Krismasi na ya Mwaka Mpya mchanga hauonekani kwa watu. Kuna ngamia wa kupanda, wapiga picha, tyubu za tairi za kukodi kwa wasiojua kuogelea, boti zenye kioo chini, viazi karai na mihogo. Mtu aliyekuja kutafuta utulivu wa picha za kalenda amekosea mahali. Aliyekuja kufurahi na wenzake yuko pale panapomfaa, na haikosi atakutana na jirani yake wa Umoja.

Bahari hii huwapa wageni somo moja ambalo ziwa wala bwawa la kuogelea haliwezi kutoa: maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na wa jua, ndio unaoyasukuma. Nyakati za mwezi mpevu na mwezi mwandamo huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Mombasa hupita mita tatu. Kati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, yenye tofauti ndogo. Kwa sababu ufuo una mteremko mdogo na mwamba wa matumbawe uko mbali kidogo na nchi kavu, maji yakipwa hurudi nyuma sana na kuacha mwani, madimbwi, na mawe yenye viumbe wa miiba myeusi inayokatikia mguuni. Kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Kundi lililoogelea vizuri saa nne asubuhi siku ya kuwasili litakuta, baada ya wiki hivi, maji yameondoka saa hiyohiyo. Wavuvi na wenye boti wanaijua ratiba hiyo kwa kichwa, na kuwauliza hakuna malipo.

Baada ya siku mbili za ufuo fedha huanza kupungua, na hapo ndipo wengi wanapotazama upande wa kisiwa. Ni ajabu kidogo, kwa kuwa sehemu yenye mambo mengi zaidi ndiyo yenye gharama ndogo zaidi, na ingestahili kutangulia. Daraja la Nyali, la mwaka 1980, humleta mgeni kutoka kaskazini. Kituo cha kwanza cha kila mtu ni pembe za ndovu za Moi Avenue, zilizowekwa miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Picha hupigwa chini yake huku tuktuk zikipiga honi. Fort Jesus ina uzito tofauti. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, Waingereza wakaigeuza gereza, kisha ikawa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1960. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Nyuma yake Mji wa Kale hautozi kiingilio: vichochoro vyembamba vilivyojaa kivuli, roshani za mbao, milango ya nakshi, na msikiti wa Mandhry ambao umri wake unakadiriwa kuanzia karne ya 16. Wageni waliovaa nguo za ufuoni hutazamwa vibaya huko, na ni haki yao kutazamwa hivyo. Huo ni mtaa wa watu wanaoishi na kuswali.

Chakula nacho kiko kisiwani. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi, usiku mishkaki na mkate wa mofa kwenye mabaraza ya barabarani, na katikati biriani inayowafanya watu wa bara wautazame upya wali wa nyumbani. Jioni, hasa Jumapili, mji mzima huonekana kuhamia Mama Ngina, bustani ya ukingo wa bahari iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa 2019. Watu hukaa chini ya mibuyu, hula mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, hunywa madafu, na kutazama meli zikiingia bandari ya Kilindini, zikipita karibu kiasi kwamba majina yake husomeka kwa macho. Hapa mgeni hukaa na wenyeji wenyewe, jambo lisilotokea sana Pirates. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kivuko cha Likoni, ambako mtembea kwa miguu havushwi kwa malipo. Kwenda na kurudi kwa feri, katikati ya wafanyakazi, baiskeli na malori, ni safari ya baharini ya bure kabisa, mradi simu iwe mfukoni na mkono uwe juu ya mfuko.

Kukizunguka kisiwa bila kukiona si ugonjwa wa Wakenya peke yao. Jamaika, ambayo vijana wa Eastlands wanaijua kupitia rege na michoro ya matatu kuliko wanavyoijua Pemba, imejengewa aina ya hoteli ambazo mgeni hulipia kila kitu kabla hajaondoka kwao: chumba, chakula, pombe na michezo. Kampuni ya Sandals ilifungua hoteli yake ya kwanza ya namna hiyo Montego Bay mwaka 1981. Mgeni wa hoteli kama hizo anaweza kumaliza wiki bila kununua embe barabarani. Sheria ya fuo ya Jamaika ya mwaka 1956 nayo haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuingia ufuoni, na suala hilo bado huleta mabishano mahakamani. Barbados ilishika njia nyingine: fuo zake zote ni za umma. Kenya, kwa maandishi, iko karibu na Barbados. Kwa kuta, iko karibu na Jamaika.

Wanaotaka kisiwa kilicho kisiwa kweli hupelekwa Wasini, karibu na mpaka wa Tanzania. Boti huondoka Shimoni, huzunguka hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti ambako pomboo huonekana, kisha wageni hula samaki na kaa kisiwani. Ni safari ya siku moja, na makundi ya Eastlands huimudu yakichanga. Lamu ni jambo jingine. Mji wake wa kale uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na usafiri wa mitaani ni miguu na punda. Lakini msafiri wa basi lazima afike Mokowe ndipo avuke kwa boti, na barabara hiyo imekuwa na vizuizi vya usalama tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Kwa kundi lenye siku nne, Lamu haiingii kwenye hesabu.

Kurudi ndiko kunakosumbua kuliko kwenda. Tiketi za treni za wiki ya kwanza ya Januari huisha mapema, mabasi hupandisha nauli, na aliyekata tiketi ya kwenda tu hulipa kwa kiwango atakachotajiwa, mara nyingine akitumia fedha zilizowekwa kwa karo. Wenye bahati ya treni ya usiku hufika Syokimau alfajiri. Kutoka pale, kwa treni ya kuingia mjini, wa mtaa wa Pipeline hushukia Imara Daima na wa Buruburu hushukia Makadara. Wa Kayole na Dandora bado wana matatu mbili mbele yao.